Mshauri wa Baada ya Eda

Mumewe alipofariki, Bi Zeyana wa Mpendae aliachiwa kiinua mgongo asichojua akifanyie nini. Shemeji yake, Jaku, akamletea kijana mtanashati, mshauri wa mambo ya fedha. Kwa kuwa Bi Zeyana alikuwa anakaa eda, kijana alizungumza nje ya pazia, maneno yakimtoka kama maji: hisa, viwanja, faida.

"Fursa haingoji, Bi Zeyana. Tia saini leo."

Bi Zeyana alimwambia atafikiri. Kesho yake akampigia simu Nidhi, mshauri mwenye ofisi Shangani.

"Pole sana, Bi Zeyana," alisema Nidhi. "Eda inakwisha lini?"

"Bado miezi mitatu."

"Basi pesa ziache benki. Ukishatoka, kama bado wanitaka, nipigie."

Bi Zeyana alinuna. Mshauri gani huyu anayefukuza wateja?

Lakini eda ilipokwisha, alijitanda buibui lake akashika njia ya Shangani. Jaku akamjia juu.

"Shemeji, unamwacha kijana wangu unamfuata huyo? Kakwambia nini cha maana?"

"Hajanambia kitu," alijibu Bi Zeyana. "Kaniacha nilie kwanza."