Hatua ya Tatu

Lamara alikuwa amechoka kuhurumiwa. Katika mashindano yote ya sataranji ya mji wa Kutaisi mwaka huo hakufungwa wala hakushinda. Kila mchezo sare. Wapinzani wake karibu wote walikuwa wasichana aliowafundisha mwenyewe, sasa wanawake wazima wenye watoto wao, na hakuna aliyekuwa tayari kuitwa yule aliyemwangusha mwalimu wake.

Huruma yao aliitambua kwenye hatua ya tatu. Akiwa na kete nyeusi, Lamara alifungua mchezo vilevile tangu ujana wake: askari mmoja anasogea kidogo, wa pili anaruka hadi katikati kukabiliana na wa mwenzake. Hapo ndipo vita inapoanza, kwa anayetaka vita. Wao humla tu yule askari, naye Lamara humla wa kwao, na ubao unapoa kama uji wa jana. Haupiti muda mkono unanyooshwa: sare, Mwalimu? Kisha busu shavuni, na huyo mbio kwao. Hata kukaa kidogo waujadili mchezo hawakai. Wajadili nini?

Leo alikuwa anacheza kwa mara ya mwisho, mumewe alishaambiwa. Alitaka mchezo mmoja wa kweli, basi. Mbele yake alikaa Tsisana, hodari kuliko wanafunzi wake wote. Askari wakakabiliana. Mkono wa Tsisana ukaenda kula.

"Ukimla huyo, mimi naondoka," Lamara akanong'ona. "Niliwafundisha kucheza, sikuwafundisha kunizika."

"Mwalimu, nitakufunga."

"Nifunge, mwanangu. Kwani nitavunjika?"

Mwamuzi akakohoa kuwanyamazisha. Tsisana akaurudisha mkono mapajani. Kisha akamsukuma askari wake mbele, akampita yule wa Lamara bila kumgusa.

Walicheza mpaka chai ikapoa na ukumbi ukabaki na mfagiaji na yule mwamuzi anayepiga miayo. Mgongo ulimuuma Lamara, macho yakamwasha, na bado alifurahi jinsi ambavyo hakuwa amefurahi kwa miaka. Jioni mfalme wake akakosa pa kwenda, akafungwa. Tsisana alikuwa analia. Akainuka ambusu mwalimu wake, aondoke.

"Kaa chini," Lamara akamwambia, huku akizipanga kete upya. "Nionyeshe nilipokosea."