Fishi Isiyo kwenye Faharasa

Kompyuta kuukuu ya kliniki ya uzazi ilikuwa imeanza kuzimika yenyewe, ndipo masista wakamwita Laure Kabedi ahamishe kumbukumbu zake kabla haijafa kabisa. Zilikaa kwenye mafaili mawili. La kwanza lilibeba fishi zenyewe, yaani kadi za kumbukumbu, moja kwa kila mtoto aliyezaliwa. La pili lilikuwa faharasa: majina ya watoto kwa alfabeti, kila moja na la mama yake, na kando ya kila jina, namba ya mahali fishi yake ilipo. Laure alinakili yote mawili, akaandika programu ndogo ya kuyasoma kwenye mashine yoyote, kisha akahesabu, asije akawa amedondosha kitu njiani.

Faharasa ilikuwa na majina 6,112. Fishi zilikuwa 6,113.

Mtu mwingine angeipuuza ile moja. Laure hakuweza. Aliitafuta fishi ambayo hakuna jina lililoelekeza kwake, akaipata: namba 2,047. Mama, Georgette Mbuyi. Mtoto, Colette, kilo moja na gramu mia nane, tarehe 9 Mei 1991, saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Mwanzoni mwa mstari palikuwa na nyota. Fishi nyingine zote zilikuwa na nafasi tupu pale.

Masista walimwambia programu ya zamani iliandikwa na karani wao mstaafu, papa Théodore, anayekaa Kikula. Jumamosi asubuhi Laure alimkuta uani, akikaza nyaya za redio.

"Papa, ile nyota iko namaanisha nini?"

Mzee akatabasamu, haikuwa kila siku mtu kumuuliza habari za kazi yake. "Ile njo fishi iliyofutwa. Programu inatosha jina, inaliondoa mu faharasa tu. Fishi inabakia pale pale."

"Iko moja tu. Namba 2,047."

Tabasamu likamtoka. Akageukia mlangoni, lakini alikuwa amechelewa: mkewe alikuwa amesimama pale na kiti cha mgeni mkononi.

"Ya nani?" akauliza.

Théodore akaweka bisibisi chini. "Ya Colette, Georgette."

Laure alitamani ardhi immeze. Mama wa kwenye fishi alikuwa huyu.

"Aliishi siku mbili," Théodore akasema, akimtazama Laure kwa sababu hakuweza kumtazama mkewe. "Na minye kila siku nilifungua ile orodha. Kila siku jina lake. Nikalitosha."

"Nilienda kule mara tatu kuomba kartasi ya kuzaliwa ya mutoto," Georgette akasema. "Banasema jina haiko. Na weye ulikuwa unakaa pale pale. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Kisha Laure akafungua kompyuta yake, akauliza kwa sauti ndogo kama airudishe. Théodore akamtazama mkewe.

"Irudishe," Georgette akasema.

Mzee akaomba aifanye mwenyewe. Vidole vyake vilitafuta herufi polepole. Akaifuta nyota, Laure akaijenga faharasa upya. Majina 6,113.

Georgette akakalia kile kiti cha mgeni, akasogeza uso karibu na kioo. "Alfajiri," akasema. "Minye nilijua ilikuwa alfajiri. Mama yangu alinibishia mpaka akakufa."

Akamwita mumewe kwa mkono, bila kumtazama.

"Kuja huku. Unisomee yote."