Bega la Hija

Jumanne moja ya mwaka 1947, saa nne asubuhi, Somoe alitua sinia la mihogo ya kuchemsha kando ya njia ya reli, Buguruni, akaanza kuwagawia mafundi wa njia. Mumewe, Hija, alikuwa hatua sita mbele yake, amepiga goti chini ya kiungo cha reli mbili, chuma kikiwa begani. Alikuwa amekufa miezi saba nyuma.

Shida yenyewe kila mtu aliijua. Reli kuukuu ya Mjarumani ilikatika, nayo ilikuwa ya ratili arobaini na moja kwa yadi. Stoo wakasema za namna hiyo zimekwisha, wakaleta ya hamsini na tano. Reli nzito ina kimo zaidi. Zilipounganishwa, moja ikasimama juu ya mwenziwe kwa upana wa kidole, na kila gurudumu likipita linagonga. Hija akatumwa kutia kabari chini ya ile ya kimo kifupi mpaka ije reli ya saizi yake. Akiwa ameinama, behewa la kokoto likampitia. Akaswaliwa, akazikwa. Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha, akaonekana kazini, bega lake ndilo kabari.

Mnyapara Benedikto, mtu wa Masasi, aliandika barua tano kuomba reli ya arobaini na moja. Ya kwanza ilijibiwa asubiri. Ya pili ilileta reli ya sitini. Ya tatu ilileta misumari. Mbili za mwisho hazikuleta kitu. Somoe alipotoka eda akawa anakwenda stoo mwenyewe kila Jumatatu, anaambiwa arudi Jumatatu. Alimuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama mumewe anapata dhambi kwa kukosa swala ya adhuhuri. Mwalimu akasema maiti hana faradhi, ila ana haki ya kulala.

Hija hakuwa msemaji, hata alipokuwa hai. Somoe alimuuliza mara moja tu.

"Baba Mwanaheri, utarudi lini ulikolazwa?"

"Wakileta reli."

"Na wasipoleta?"

"Gari la Morogoro hilo, mama. Sogeza sinia."

Jumanne hiyo Mzungu mkaguzi wa njia alifika kwa troli. Akaweka pimamaji juu ya kiungo, povu lake likatulia katikati. Benedikto akamweleza kwamba pale pameshikwa na mtu, na mtu mwenyewe ni marehemu. Mkaguzi akainama, akamwamkia Hija, Hija akaitikia.

"Njia iko sawa," mkaguzi alisema, akaandika.

"Iko sawa kwa sababu yake, bwana."

"Basi iko sawa."

Somoe akajitanda kanga vizuri, akasogea. "Mie huyu nilimzika, bwana."

Mkaguzi akampa pole, akapanda troli yake.

Baada ya wiki tatu reli ya ratili arobaini na moja ikapatikana, moja tu, kutoka Tabora, ikashushwa stoo mjini. Barua ilisema ipelekwe Pugu, kwenye kiungo kisicho na mtu. Behewa lililoibeba likapita Buguruni adhuhuri, juu ya bega la Hija, wala halikugonga.

Lilipokwisha pita, Somoe akachana upande wa kanga yake, akausokota ngata, akaipenyeza katikati ya chuma na bega.

"Hapo?"

"Kushoto kidogo," Hija alisema.