Hata Tone Halipiti

Ghorofa ya tatu, hapa kwetu Mchafukoge, mlinzi ni mmoja tu, na ni mimi. Wale wa benki wana bunduki na bado wanaibiwa. Mimi sina hata fimbo, na kwa wiki saba hakuna kilichopita mdomoni mwa Khalil, mtoto wa dada yangu, isipokuwa maziwa ya mama yake. Andika hiyo.

Kazi hii alinipa dada Mwanamkuu siku aliyotoka kliniki. Nesi alimweka chini akamwambia, kwa mama mwenye virusi vya Ukimwi njia ni mbili: maziwa ya kopo peke yake, kila siku bila kukosa, au ziwa peke yake miezi sita. Kuchanganya ndiyo hatari. Maji, uji, asali, vyote vinaweza kuchubua tumbo changa la mtoto na kuvifungulia virusi mlango. Dada akachagua ziwa. Kopo la kila siku angelitoa wapi, na majirani wangeacha kuuliza kwa nini hanyonyeshi? Siri hiyo tunaijua watatu: yeye, shemeji Zahoro na mimi. Wengine wote nawaambia "daktari kakataza," basi.

"Mdogo wangu," dada aliniambia, "mambo yote fanya mzaha. Hili usinifanyie."

Msumbufu wangu mkubwa alikuwa Mama Praful wa mlango unaotazamana na wetu. Jina lake Ranjanben, kazaliwa ghorofa hilihili, na Kiswahili chake kinakuzidi wewe. Ana roho nzuri mpaka inakera. Siku ya kwanza tu alikuja na asali kwenye kijiko cha fedha.

"Shikamoo, Mama Praful. Kijiko kinaenda wapi?"

"Marahaba. Kinaenda kwa mjukuu wangu. Tone moja, awe na maneno matamu."

"Akiwa na maneno matamu si atawanyang'anya wateja dukani kwenu? Daktari kakataza."

"Tone tu, we mtoto!"

"Tone ni tone. Ukishindwa kujizuia, lamba mwenyewe."

Akalamba, akaondoka anacheka. Wiki iliyofuata akaleta maji, eti Dar joto, mtoto ana kiu. Nikamhutubia pale koridoni kwamba ziwa lina maji yake ndani, nikamwita mlanguzi. Tangu hapo ananiita Afande.

Jumamosi dada akaenda Kariakoo kuangalia meza yake ya kanga. Aliacha maziwa aliyokamua kwenye kikombe, kimefunikwa vizuri. Khalil akakimaliza chote, akatulia dakika kumi, kisha akaanza kulia. Nikambeba. Nikamwimbia matangazo ya redio. Nikamfanyia vituko vyote vinavyochekesha mtaa mzima, hakucheka hata kimoja. Alikuwa mwekundu, jasho linamchuruzika, ulimi nje.

Ana kiu, nikajisemea. Macho yakaenda kwenye birika. Maji yenyewe yamechemshwa, si ya bomba hivihivi. Nikatia na sukari kidogo. Tone moja litamfanya nini?

Kijiko kilikuwa kimebakiza vidole viwili kufika mdomoni.

"Afande."

Mlango nilikuwa nimeuacha wazi upepo uingie. Kilichoingia ni Mama Praful, mikono kiunoni.

"Kijiko kinaenda wapi?"

Nikakumbuka uso wa dada siku ile aliponikabidhi kazi. Nikakirudisha kijiko nyuma haraka, nusu ya maji ikamwagikia kanga yangu.

Mama Praful akamchukua mtoto, akamtazama mara moja tu. "Huyu hana kiu. Nani kamvalisha kofia ya sufu?"

Nani tena? Nilimchagulia mwenyewe kwenye mitumba, kofia na soksi zake, mali ya Ulaya. Akavua kofia, akavua soksi, akampepea kwa ncha ya sari. Khalil akanyamaza kama redio iliyokatikiwa umeme.

"Sasa hicho kijiko," akasema. "Mtu akishindwa kujizuia anafanya nini?"

Nikalamba.

Ndala za dada zikasikika kwenye ngazi. Akaingia anahema, akamkimbilia mwanawe, akamweka ziwani kabla hata hajakaa vizuri.

"Vipi, mlinzi? Kuna kilichopita?"

"Kwangu mimi? Dada, hata to..."

Mama Praful akakitwaa kijiko mkononi mwangu, akakiinua juu, bado kinanata sukari, akamgeukia dada: "Kwa mtoto hata tone halikupita, kalamba Afande mwenyewe."