Boriti ya Chumba cha Mama

Mkanda wa mashine ya kuchanganyia zege ulikatika boriti ikiwa imejazwa nusu. Mama Koni alipopata habari akaja mbio, akapanda ngazi ya mbao, akamkuta mdogo wake, Chuma, ameliinamia lundo la zege lililobaki, dumu la maji mkononi.

"Weka chini hilo dumu."

"Hata salamu, dada?"

"Salamu haiozi. Zege linaoza. Weka chini."

Hawa walikuwa wa tumbo moja. Dada alisomea ujenzi chuoni. Mdogo alijifunza kwa kubeba karai mpaka akawa fundi mkuu. Nyumba ilikuwa ya mama yao, na boriti ile ilipita juu ya chumba ambacho mama angelala. Jina la Mama Koni alipewa na mafundi kwa sababu ya kopo lake la bati, pana chini, jembamba juu, wazi pande zote mbili. Popote palipomwagwa zege alikwenda nalo kwapani kama mkoba wa harusini.

"Limekaza kidogo tu," alisema Chuma. "Tuliamshe, tumalizie. Zege halilali, wewe mwenyewe unajua."

"Halilali, lakini linakufa. Na maiti haamki kwa kumwagiwa maji."

Mafundi walicheka. Chuma hakucheka. Upande mmoja wa lundo alikwisha kuumwagilia maji, na wote waliuona uking'aa.

Mama Koni alijaza kopo kutoka upande ule, akalishindilia kwa kipande cha nondo, akasawazisha juu, akalinyanyua taratibu. Hakikusimama kitu. Uji wa kijivu ulitambaa mpaka kwenye viatu vyake, na kokoto zikabaki katikati zimejikusanya kama wageni waliosusiwa na wenyeji.

"Umeona? Uji huku, kokoto kule. Likiingia humo kwenye mbao za boriti, kokoto zitazama na maji yatapanda juu. Siku ya kuzibandua utakuta matundu, nondo zinakuchungulia."

"Dada, nimejenga nyumba ngapi mimi?"

"Nyingi. Mama atalala katika ngapi?"

Fundi mmoja alijifanya anatafuta koleo. Chuma alimtazama dada yake, kisha akawatazama watu wake, waliokuwa wanamtazama yeye. Akalitua dumu.

"Tupeni hilo," alisema. "Tuchanganye jingine kwa mkono."

Wakachanganya kwa kasi juani, jasho likidondoka. Mama Koni aliwazunguka kama kuku mwenye vifaranga. "Kavu kwanza, mpaka rangi iwe moja. Maji baadaye, kidogo kidogo. Wewe, nani kakutuma na ndoo nzima?" Alipolipima jipya kwa kopo, lilishuka mabega kidogo, likatulia, kama mtu aliyekaa chini baada ya kazi.

Chuma alijaza karai akaielekea boriti.

"Ngoja," dada alisema. "La kwanza, lililomo ndani ya boriti, lina hali gani?"

"Tumelifunika magunia mabichi."

"Kulifunika si kulizuia kukaza. Mlisimama muda mrefu kutafuta mkanda, mkasimama tena kubishana na mimi. Lipime kwa nyoka."

Nyoka ni ile mashine ya kutetemesha zege, yenye bomba refu na kichwa cha chuma. Zege lililo hai hukiacha kichwa kizame kwa uzito wake, na kikitoka, tundu hujifumba. Lililokwisha kukaza haliungani na jipya. Hubaki ufa usioonekana mpaka mzigo ukae juu yake. Nao walikuwa wameishia hatua moja kutoka kwenye nguzo ya katikati, mahali boriti inapoelemewa zaidi, pabaya kuliko pote pa kuiachia.

Chuma alifunua gunia. Akawasha nyoka, akakisimamisha kichwa juu ya zege, akalegeza mikono.

Hakikuzama.

Akakisukuma kwa nguvu. Kiliingia kikikwaruza. Alipokivuta, tundu lilibaki wazi, kingo zake zimesimama. Wote wakalingojea lijifumbe. Halikujifumba.

Chuma alizima injini. Akaingiza kidole ndani ya tundu, akakigeuza, akakitoa. Kisha akachukua koleo mwenyewe, akalichomeka kwenye boriti, akatupa zege chini uani.

"Toeni lote kabla halijawa jiwe," aliwaambia mafundi. "Halafu nondo zioshwe. Boriti nzima hatuiwezi kwa mkono. Mkanda usipopatikana, hatumwagi leo."

Mama Koni alikunja mikono ya blauzi akashika koleo la pili. Walichimba bega kwa bega, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mama yao alitokea uani, akalitazama zege lililokuwa likianguka miguuni pake.

"Wanangu, mmemaliza?"

"Bado, mama," alijibu Chuma bila kuinua kichwa. "Ndiyo tunaanza."