Matoazi ya Prokhor Savelyich

Hapana, hiyo si ngoma kubwa. Hayo ni matoazi, yale masahani mawili ya shaba yanayogonganishwa. Ngoma ya Demyan inakuja baadaye, utaitambua tu, utadhani mtu anatupa magunia ya viazi kutoka kwenye lori. Huyo uliyemuulizia ni Prokhor Savelyich. Usiinue sindano, iache santuri izunguke. Punguza sauti kidogo tu, maana nikishindana na okestra nzima mimi peke yangu, watanimeza.

Prokhor Savelyich alikuwa mfupi, kifua kama pipa, mikono ya mtu wa kiwandani. Na kweli alitokea kiwandani, kwenye mitambo ya kitani hapa hapa Kostroma, akipiga katika bendi ya wafanyakazi siku za sikukuu, mpaka mwongozaji wetu wa zamani, Averyan Nikitich, akamwona akamchukua. Noti alijifunza ukubwani, kwa taabu, mkewe Glafira akimshikia taa. Akishika matoazi yake utadhani kashika watoto. Alikuwa anayafunga kwa gaguro kuukuu la Glafira, ile sketi ya ndani, na wenzake kila siku wanamchokoza, "Prokhor Savelyich, leo mama kabaki na nini mwilini?" Naye anacheka nao.

Sasa ujue, kazi ya matoazi ni kusubiri. Watu wa fidla wanatoka jasho kwa kupiga, yeye anatoka jasho kwa kutopiga. Anasimama kule nyuma kipande kizima, kimya, halafu mara moja tu, pah! Na hiyo mara moja ikienda vibaya, hakuna pa kuificha. Wa fidla akikosea anajibanza katikati ya wenzake. Wa matoazi akikosea, hata mlinzi wa getini na mbwa wake wanajua.

Basi, Averyan Nikitich alipostaafu tukaletewa kijana, Rodion Glebovich, mwembamba, shingo ndefu, koti linamshuka mabegani kama la kuazima. Watu wakasema huyu hamalizi msimu. Lakini watu wa santuri wa Moscow walimsikia mahali, wakakubali arekodi vile vipande vya Kirusi vinavyojulikana na kila mtu, vile ambavyo hata mama wa sokoni anavipiga mluzi huku anapima samaki. Santuri yake ya kwanza. Na sisi pia ya kwanza, tusijidanganye. Sisi nani angetujua?

Kipande cha mwisho kilikuwa hicho hicho unachokisikia, cha barafu ya mto kupasuka mwanzo wa joto. Sisi tulikuwa tumekipiga miaka na miaka, lakini kwa mkato. Averyan Nikitich aliikata sehemu ya zumari, zumari inapoimba peke yake kabla ya mwisho. Unajua kwa nini? Ili watu wawahi basi la mwisho. Ndiyo, cheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kurasa zile alizishona kwa uzi mweusi, tukaruka. Kwa hiyo kwetu ilikuwa hivi: fidla zinapanda, zinapanda, zinakata ghafla, kimya cha pumzi moja, halafu matoazi, pah! Kijana akaja na wembe akazifumua kurasa zote. Kwake ikawa hivi: fidla zinapanda, zinakata, kimya, halafu zumari inaanza polepole kama mtu anayeamka, inaimba wee, fidla zinapanda tena, na hapo ndipo matoazi. Umenielewa? Kimya ni kile kile. Pumzi ni ile ile. Ila ya kwanza si ya Prokhor tena.

Kwenye mazoezi Prokhor hakukosea hata mara moja. Alinung'unika tu.

Siku ya kurekodi alifika asubuhi na beseni la pai za kabichi alizooka Glafira, za kula tukimaliza, limefunikwa kwa taulo. Amefurahi, kavaa shati jeupe. Watu wako kwenye korido wanakunywa chai, na yeye akataka kuchekesha.

"Kijana katurudishia yale ya kurefusha," akasema kwa sauti. "Mimi mwenzenu nina miguu mibovu. Leo napiga pale pale pa Averyan Nikitich, twende nyumbani!"

"Thubutu!" akasema mmoja.

"Nithubutu? Mtaona. Mpaka Moscow wataona!"

Watu wakaangua kicheko, halafu kicheko kikakatika, maana Rodion Glebovich alikuwa amesimama mlangoni na glasi yake ya chai. Shingo yote imekuwa nyekundu. Akasema tu, "Karibuni tuanze, wenzangu." Prokhor akabaki anapangusa matoazi ambayo hayakuwa na vumbi.

Mimi nilikuwa mtu wa viti na mabomba ya joto. Yale mabomba yanagonga, kok, kok, kwa hiyo kila taa nyekundu ya kurekodi ikitaka kuwaka lazima niyafunge. Nje baridi ya kupasua chupa. Wanamuziki wanapiga na buti za sufu miguuni, pumzi zinatoka moshi. Walirudia na kurudia. Mara kiti kimelia, mara mtu kakohoa, mara fundi wa sauti kutoka Moscow, aliyekuwa chumba cha pili, anasema kwenye kipaza sauti, "Samahani, lori limepita." Jioni ikaingia. Vyombo vya hao wa Moscow ilikuwa vipakiwe usiku huo huo, na kipande cha mwisho kilikuwa bado.

Taa ikawaka. Wakaanza.

Wewe, mimi muziki sijasomea. Lakini yale mabomba yangu niliyasahau. Ungeisikia barafu yenyewe inasogea. Watu waliokuwa wakimcheka yule kijana walikuwa wanamwangalia mikononi kama wanaangalia mtu anavuka mto. Fidla zikapanda. Zikapanda. Zikakata. Kimya.

Pah!

Nonna, binti wa zumari, alikuwa ndiyo kwanza ametoa sauti ya kwanza, nyembamba kama uzi. Aliruka pale alipokaa, zumari ikamgonga mdomoni. Damu ikatoka. Na ule ulimi wa tete wa kupulizia zumari, anaouchonga mwenyewe kwa kisu kidogo, aliokuwa ameutunza wiki nzima kwa ajili ya siku hiyo, ukapasuka.

Taa nyekundu ikazimika. Fundi wa Moscow hakusema hata samahani.

Prokhor Savelyich alikuwa bado ameyainua matoazi juu ya kichwa, yanalia. Si unajua yanavyolia, hayanyamazi haraka. Akayabana kifuani yanyamaze. Watu wote wamegeuka.

Rodion Glebovich akashuka kwenye kijukwaa chake, akapita katikati ya fidla mpaka kule nyuma. Akauliza taratibu, "Prokhor Savelyich, ulikusudia?"

Mimi nilikuwa ukutani, karibu nao. Nilimwona yule mzee anavyoyahangaisha macho, kama mtu anatafuta mlango. Kwa sababu hakukusudia. Mikono ilikwenda yenyewe. Ilisikia kimya kile kile cha miaka yote, ikaenda, naye akaja kushtuka pamoja na sisi. Lakini fikiria mtu ambaye maisha yake yote ni kupiga mahali pake. Ukimwita mkorofi, kesho anaweza kuacha ukorofi. Ukimwambia mikono yako haikutii tena, kesho ataacha nini? Atarudi nyumbani na lile gaguro amwambie nini Glafira?

"Nilikusudia," akasema.

"Mshenzi mkubwa," akasema mtu kwenye tarumbeta, wala hakujificha.

Nonna akamwangalia, leso mdomoni. Hakulia. Akainama akaanza kutafuta ulimi mwingine kwenye kisanduku chake.

Nilidhani kijana atamfukuza. Mimi ningemfukuza. Yeye akasema, "Haya. Aliyekusudia kukosea anaweza kukusudia kupatia. Tuna nafasi ya mara moja. Tunarudia." Akarudi mbele.

Pale ndipo Prokhor alipoogopa kweli. Maana kama ingekuwa makusudi, basi sawa, unaacha tu. Lakini yeye alijua haikuwa hivyo, na kile kimya kinakuja tena, na mikono ni ile ile.

Pembeni yake alikuwa Demyan wa ngoma. Wale wawili walikuwa hawapatani tangu siku Demyan aliposema mbele za watu kwamba matoazi hata dubu wa sarakasi anaweza. Walikuwa wanasimama bega kwa bega kila siku na salamu hawapeani. Sasa nikamwona Prokhor anamsogelea.

"Demyan. Sikukusudia."

Demyan hakugeuka. "Nini?"

"Nimesema sikukusudia. Nilidanganya. Imeniponyoka tu. Na itaniponyoka tena, najijua." Akasogeza kiwiko. "Nishike."

Demyan akageuka sasa. Alikuwa mtu wa maneno, yule, nilisubiri amwage la dubu. Akamtazama yule mzee, shati jeupe limelowa jasho kwenye baridi ile. Akaguna tu. "Simama huku kulia kwangu."

Nikafunga mabomba. Taa ikawaka.

Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza, nisikudanganye. Watu walikuwa wameumia, na fidla zilikuwa na haraka kidogo. Ukisikiliza vizuri utaisikia hiyo haraka. Na ile nzuri ilikwishapotea, na Prokhor alijua hivyo. Lakini fidla zikapanda, zikakata. Na hapo Demyan, ambaye ngoma yake haina kazi mahali pale, akanyoosha mkono akakishika kiwiko cha Prokhor Savelyich. Akakibana. Nilikiona kiwiko kinaruka. Nakuapia, kiliruka, kama samaki mkononi. Demyan akakishikilia.

"Bado," akamnong'oneza bila sauti, midomo tu.

Zumari ikaanza. Nonna anapiga na mdomo uliopasuka, kwa ulimi wa tete ambao haukuwa ule alioutunzia siku hiyo. Kuna mahali sauti inakwaruza kidogo, watu wanasema ndipo patamu. Mimi nikipafikia naangalia chini. Prokhor alisimama pale ameshikwa kama mtoto anayevushwa barabara, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, hawezi kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ina shaba.

"Bado... bado..."

Fidla zikapanda tena. Demyan akaachia.

"Sasa."

Ndiyo hiyo uliyoisikia. Ndiyo uliyoniuliza kapiga nani.

Fundi wa Moscow akasema, "Imepatikana, asanteni," na watu wakakimbilia korido, maana njaa ilikuwa inauma tangu mchana. Nikafungua mabomba. Tulikuwa tumepanga mbao juu ya masanduku ya vyombo, pameshawekwa sufuria la supu ya kabichi, viazi, matango ya chumvi, samovari ya chai inachemka, na beseni la Glafira katikati. Kwetu tukimaliza kazi kubwa hakai mtu mpaka wote wamefika. Kwa hiyo watu wamesimama nyuma ya viti, vijiko mkononi.

"Nani bado? Supu inapoa, jamani!"

"Prokhor Savelyich."

"Huyo naye tumsubiri?"

Rodion Glebovich akasema, "Tumsubiri," akabaki amesimama.

Nikaenda kumtafuta. Alikuwa mlango wa nyuma, koti limevaliwa, kofia imeshushwa masikioni, matoazi kwapani ndani ya gaguro. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ajili ya kurekodi, naye anakitikisa kitasa polepole ili asisikike.

"Nifungulie, ndugu."

"Ufunguo nimeuacha mezani," nikasema. Na kweli niliuacha.

Akaja nyuma yangu. Alipoingia koridoni kila mtu akatazama supu. Akavua kofia. Hakwenda kwa Rodion, alikwenda kwa Nonna. Mdomo wa yule binti ulikuwa umevimba.

"Binti yangu," akasema. "Binti yangu, nilidanganya kule ndani. Sikukusudia. Nimezeeka, mikono imekwenda yenyewe. Niliona bora mnione mbaya."

Samovari inapiga mluzi. Nonna akamwangalia, akaangalia na lile beseni.

"Sasa nikae nile, au nisimame hapa niendelee kukuchukia?" akasema. "Niambie upesi, nina njaa."

Mtu mmoja akacheka puani. Prokhor hakucheka. Akasogea mahali pake, penye kiti cha mwisho, karibu na Demyan, akakaa na koti lake, na kwa kuchanganyikiwa akapeleka mkono kwenye kijiko.

Demyan akamshika kiwiko.

"Bado," akasema.

Wale wengine walikuwa wamesimama wote. Rodion Glebovich akamvutia Nonna kiti, Nonna akakaa. Watu wa fidla wakakaa. Yule wa tarumbeta akakaa, mwisho kabisa, akaburuza kiti chake kwa makusudi mpaka sakafu ikalia, na hakuna aliyesema samahani. Rodion akalivuta beseni la Glafira, akafunua taulo, akachukua pai ya kwanza akaikata katikati, nusu akaiweka kwenye sahani ya mzee.

Demyan akaachia mkono.

"Sasa," akasema, tukaanza kula.