Siku ya Mia

Siku ya Jumanne simu ilimkuta Mzee Meshaki shambani kwake Nkunga, akipunguza majani makavu ya migomba. Aliyepiga alikuwa nesi Hellen, yule anayemfuatilia mjukuu wake Jenifer tangu kisukari kimwangushe darasani.

"Babu, watafiti wamemkubali Jenifer kwenye lile jaribio. Mwambie mama yake amfikishe Mbeya kabla ya Ijumaa saa kumi. Hiyo ndiyo siku ya mia tangu augue. Ikipita, hawampokei tena."

Jaribio lenyewe mzee alilielewa, maana Hellen alikwisha kumweleza. Askari wa mwili wa mtoto wamegeuka, wanaliua kongosho lake. Dawa hii ni chembe ndogo ajabu, jicho halizioni, zinazoingia kwenye damu kuwafundisha askari hao kwamba kongosho si adui. Kama itaponya, hakuna aliyejua bado. Ila ilitaka kongosho lenye uhai kidogo uliobaki.

Tatizo lilikuwa moja. Mama wa Jenifer, Atuganile, alikuwa mkwewe, na kwa mila ya Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemezani. Wengi siku hizi wameilegeza. Meshaki, mwenye kichwa kigumu, miaka kumi na moja hakulegeza hata kidogo. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia migombani. Maneno yao yalipitia kwa mkewe, Tusekile, naye alikuwa msibani Kisiba, hana simu. Mwanawe Lazaro alikuwa machimboni Chunya, hapatikani. Simu ya Atuganile ilikuwa imeingia maji.

Amtume jirani? Wangesema mtoto kauzwa kwa watafiti. Amtume Jenifer? Kila jioni mtoto alimletea chakula, akamwonyesha mkono alipojidunga insulini siku hiyo. Mara mbili mzee alifungua mdomo, akashindwa kumbebesha habari za ugonjwa wake mwenyewe.

"Bibi yako atarudi kesho," alimwambia mtoto siku ya Jumanne. Akarudia Jumatano. Alhamisi mazishi yakasogezwa, wakisubiriwa ndugu kutoka Dar. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiumia halikuwa lake.

Ijumaa redio ilitangaza saa kumi, na woga ukamshika kwelikweli. Alikwenda hadi nyuma ya jiko la Atuganile, akaugeuzia mlango mgongo, akaikabili migomba. Akaiambia yote: simu ya Hellen ya Jumanne, watafiti, siku ya mia. Mila hakuivunja.

Ndani, mwiko uliokuwa ukisonga ugali ulinyamaza. Kisha akasikia sauti ambayo kwa miaka kumi na moja haikuwahi kuelekezwa kwake. Haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Baba," Atuganile alisema, "migomba hii ilikuwapo hapa tangu Jumanne."